Minnesota 67 kwa 67: nasema ni kura 14 za Shakopee zilizoamua kila kitu. Nipingeni

#1 Chaurembo
Wakuu, habari za muda huu.

Uchaguzi mdogo wa jimbo la 34B kule Minnesota, Marekani, umepita juzi, tarehe 16 Septemba 2025. Xp Lee wa DFL, yaani Demokrati wa kule, kashinda, na Baraza la Wawakilishi la kule limerudi palepale lilipoachwa na wapiga kura Novemba mwaka jana: 67 kwa 67. Viti 134, hakuna mwenye wingi.

Nimeufuatilia uchaguzi huu tangu usiku wa 5 Novemba 2024 kwa sababu dada yangu wa tumbo moja anaishi huko. Watu wote wanaongelea Trump na Harris. Mimi nasema aliyeamua mambo ya lile jimbo ni watu 14. Jimbo la 54A, mji wa Shakopee, Brad Tabke wa DFL alimpita Aaron Paul wa Republican kwa kura 15, zikahesabiwa upya zikabaki 14. Hapo ni kati ya kura karibu elfu 22.

Watu kumi na watano wa Tabke wangelala tu siku ile, Republican wangekuwa na 68 na serikali ingekuwa yao. Anayepinga aje na hoja.

#2 Sokomoko
Mkuu mbona unatuchanganya, 54A ni jimbo, Minnesota nayo ni jimbo, 34B nalo jimbo. Jimbo lipi liko ndani ya jimbo lipi?

#3 Jabali la Voi
Ndiyo shida ya Kiswahili cha Bongo hiyo 😀 Huku kwetu Minnesota ni jimbo, 54A ni eneo bunge, basi. Mtu wa Voi hawezi kupotea.

#4 Ngalawa
Jabali, na sisi tukisema jimbo la uchaguzi nani kapotea? Haya, twende kwenye mada.

Chaurembo, umeandika vizuri ila pana kosa kubwa mwishoni. "Serikali ingekuwa yao" si kweli. Gavana Tim Walz ni wa DFL na muda wake haukuwa umeisha. Seneti nayo ilibaki kwa DFL 34 kwa 33, maana siku hiyohiyo Ann Johnson Stewart alishinda uchaguzi mdogo wa eneo la 45, upande wa Ziwa Minnetonka. Republican wangepata 68 wangelishika Baraza peke yake. Kuzuia wangeweza, kutawala hapana.

#5 Chaurembo
Nimekubali mkuu, nimeteleza. Niseme basi: wangelishika Baraza bila kumwomba mtu. Kabla ya hapo DFL walikuwa na vyote vitatu, Baraza 70 kwa 64, Seneti na gavana, na kwa miaka miwili ya 2023 na 2024 walipitisha mambo mazito. Chakula cha bure kwa kila mwanafunzi. Leseni ya udereva hata kwa asiye na karatasi za uhamiaji. Likizo ya malipo kwa mzazi na mgonjwa. Hoja yangu ya kura 14 iko palepale.

#6 Kichuguu
Hizo herufi DFL ni kifupi cha nini? Wengine hatujawahi kufika hata Namanga.

#7 MamaNyaboke
Wanangu hamjambo. Mimi naishi Brooklyn Park, Minnesota, mwaka wa kumi na tisa huu.

Kichuguu, DFL ni Democratic-Farmer-Labor. Ni Demokrati walewale wa Marekani, ila hapa waliungana na chama cha wakulima na wafanyakazi mwaka 1944, jina likabaki hilo.

Kitu ambacho Chaurembo hukutaja ni 38A. Hiyo ni Brooklyn Park na Osseo, na mwaka jana tulimchagua Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya. Mimi nilipata uraia 2023, hivyo hiyo ndiyo kura yangu ya kwanza kabisa katika nchi hii. Na nilimpigia msichana anayejua chinsaga, mboga yetu ya Kisii, ni nini. Nilitoka kituoni nikakaa kwenye gari dakika kumi kabla sijaweza kuendesha.

#8 Jabali la Voi
Hongera Mama. Huyo seneta wetu tunamwonea fahari hata sisi wa Pwani.

#9 MamaNyaboke
Asante mwanangu. Si seneta lakini, ni mwakilishi. Seneti ni watu 67, Baraza la Wawakilishi ni 134. Kila eneo la seneta limekatwa mara mbili, A na B, ndiyo maana mnaona 38A, 54A, 34B.

#10 Sokomoko
Kumbe! Hapo sasa nimeelewa hizo herufi. Chaurembo ungeanza na hilo.

#11 Theluji
Wakuu, niko St. Cloud, Minnesota, nabeba boksi kwenye kiwanda cha nyama, mwaka wa sita. Bado sina uraia, niko kwenye foleni.

Napinga mleta uzi. Kwa nini Shakopee tu? Huku kwetu 14B Dan Wolgamott wa DFL alipita kwa kura chini ya 200, nayo ikahesabiwa upya. Angeanguka yeye ingekuwa hadithi ileile ya 68. Na zipo zilizoanguka: 18A upande wa North Mankato na St. Peter, Jeff Brand wa DFL kashindwa na Erica Schwartz kwa kura kidogo sana. Angeshinda Brand, DFL wangebaki na 68 na uzi huu usingekuwepo. Ukiwa na sare kila kiti kilichoponea kinakuwa "ndicho kilichoamua".

#12 Mwalimu wa Hesabu
Theluji kasema vizuri. Kwenye sare kila kiti kina uzito uleule.

#13 Chaurembo
Lakini Theluji, Wolgamott alipita kwa wapiga kura mia na kitu. Tabke kwa 14. Familia mbili za kwetu Temeke zikikusanyika kwa msiba zinazidi hapo!

#14 Pweza Mkavu
Nyote mnaongelea 14, hakuna anayesema kura 20 zilizopotea. Shakopee palikuwa na kura 20 za bahasha, za watu waliopiga mapema, zikapokelewa na hazikuhesabiwa. Wachunguzi wakasema huenda zilitupwa na takataka. Ishirini ni kubwa kuliko kumi na nne. Uchaguzi ule ulitakiwa urudiwe, mwisho. Nchi kubwa vile inatupa kura jalalani, halafu wanatutumia waangalizi.

#15 Mwalimu wa Hesabu
Pweza, 20 kuwa kubwa kuliko 14 hakutoshi. Tuzihesabu.

Paul yuko nyuma kwa 14. Ili wafungane, kati ya zile 20 yeye anahitaji 17 na Tabke 3. Ili ashinde anahitaji angalau 18 kwa 2. Sasa, wapiga kura wenyewe walitambuliwa, na kesi ilipofika mahakamani sita kati yao walitoa ushahidi kwamba walimpigia Tabke. Sita zikienda kwa Tabke, hata zote 14 zilizobaki mpe Paul, anapunguza pengo kwa 8 tu. Tabke anabaki mbele kwa 6. Jaji aliamua hivyo 14 Januari 2025: ushindi uko palepale.

#16 Pweza Mkavu
Hesabu nimeikubali mwalimu. Lakini siri ya kura iko wapi? Mtu asimame mbele ya jaji aseme nilimpa fulani? Sisi tumefundishwa kura ni siri yako na Mungu wako.

#17 Ngalawa
Hapo Pweza unagusa mahali pangu.

Niliwahi kuwa wakala kwenye uchaguzi wa serikali ya mtaa, sitataja mtaa wala mwaka. Mgombea wetu alipungukiwa kura 3. Zilikuwepo karatasi 5 zilizosemwa zimeharibika, alama ya vema imevuka kidogo mstari. Tulijua kabisa ni za nani, maana wazee wawili walikuja wenyewe kulalamika kwamba mikono inawatetemeka. Mmoja aliniambia, "Mwanangu, niko tayari kusema popote." Hapakuwa na popote pa kusemea. Siku ya tatu mtaa ulikuwa na mwenyekiti na sisi tukarudi kwenye shughuli zetu.

Kwa hiyo mimi nikisoma kwamba watu walioondolewa kura zao na uzembe wa mtu walipewa nafasi ya kusimama na kusema "mimi nilikuwepo, nilipiga", nafurahi. Siri ya kura ni haki ya mpiga kura. Akiamua mwenyewe kuifungua ili isipotee, ni yake.

#18 Pweza Mkavu
Pole mkuu. Nimekuelewa. Bado moyo wangu unasita, ila nimekuelewa.

#19 Kichuguu
Hivi wangefungana kabisa, 54A ingekuwaje? Wangerudia?

#20 Ngalawa
Kwa sheria ya Minnesota, kura zikilingana inapigwa bahati nasibu. Usicheke, yametokea Virginia. Uchaguzi wa 2017, eneo la 94, Newport News: David Yancey wa Republican aliongoza kwa 10. Wakahesabu upya, Shelly Simonds wa Demokrati akaongoza kwa kura 1. Kesho yake jopo la majaji watatu likakubali karatasi moja yenye utata iwe ya Yancey. 11,608 kwa 11,608. Tarehe 4 Januari 2018 wakaweka majina kwenye bakuli la ufinyanzi lililoazimwa makumbusho, wakachomoa moja. Yancey. Republican wakabaki na Baraza la Virginia 51 kwa 49. Miaka miwili baadaye Simonds alirudi akamshinda, bila bakuli.

#21 Sokomoko
BAKULI?!

#22 Jabali la Voi
Afadhali bakuli kuliko tuliyoyaona sisi mwaka 2007 na 2008. Nakumbuka 15 Januari 2008, nchi inawaka, bunge linakutana kumchagua spika. Raundi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kenneth Marende 105, Francis ole Kaparo 101. Nilikuwa kidato cha pili, baba kaweka redio dirishani ili majirani wasikie. Kura nne zile zilitufundisha kwamba kiti cha spika ndicho kipimo cha kwanza cha nani ana nguvu. Nikiona Minnesota wanagombania spika namkumbuka mzee.

#23 Mzee Mkongojo
Mada nzuri vijana. Nawapinga wote mnaong'ang'ania 54A. Aliyevuruga ni wa 40B, Roseville. Curtis Johnson wa DFL alishinda kwa zaidi ya asilimia 60, ushindi wa kishindo. Lakini katiba yao inataka mgombea awe amekaa eneo hilo miezi sita kabla ya uchaguzi. Aliyeshindwa akaenda mahakamani kwamba Johnson kapanga chumba Roseville lakini nyumba anayolala iko Little Canada, nje ya eneo. Watu walikuwa wanakilinda kile chumba waone kama kuna anayeingia. Jaji akakubali mwezi Desemba, Johnson akaachia kiti bila kukata rufaa.

Hivyo siku bunge linafunguliwa, 14 Januari 2025, haikuwa 67 kwa 67. Ilikuwa 67 kwa 66. Vita yote ilitoka hapo, Shakopee haina kosa.

#24 Theluji
Mzee shikamoo. Hili la miezi sita limenigusa. Kwetu mbunge anaweza kuishi Masaki miaka mitano, jimbo lake analiona kwenye misiba.

#25 Mzee Mkongojo
Marahaba. Kwetu na Kenya sheria haimlazimishi mbunge kukaa kwa wapiga kura wake. Wenzetu hata chumba cha kupanga kimemponza mtu.

#26 MamaNyaboke
Naomba niseme jambo kuhusu Januari ile, maana nilikuwepo kwenye baridi hiyo.

DFL wote 66 hawakwenda bungeni. Walijua Republican wakipata akidi watamchagua spika wao kwa miaka miwili, na walihofia Tabke atanyimwa kiti hata baada ya jaji kusema. Waliapishwa kimyakimya siku mbili kabla, kwenye jengo la makumbusho ya historia, halafu wakasusia. Huldah wetu akiwa mmoja wao. Kanisani tuligawanyika. Wapo waliosema, "Tumemtuma kazi, mbona haendi kazini?" Mchungaji alituomba tusilijadili kwenye chai.

Mimi siku ya kwanza nilikasirika pia. Natoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, sijawahi kususia zamu hata moja kwa miaka kumi na tisa. Baadaye nilielewa kwamba kutokwenda ndiyo ilikuwa kura pekee waliyobakiwa nayo.

#27 Ngalawa
Mama umeeleza vizuri. Niongeze upande wa sheria, kwa sababu hapa ndipo pananinogea.

Katiba ya Minnesota inasema akidi ni wingi wa wajumbe wa kila nyumba. Je, wingi wa viti 134, yaani 68? Au wingi wa wajumbe 133 waliopo, yaani 67? Katibu wa Jimbo, Steve Simon, ndiye anayeongoza kikao cha kwanza kwa mujibu wa sheria. Alihesabu, akakuta 67, akasema akidi haijatimia, akagonga nyundo akaahirisha. Republican wakabaki ukumbini, wakaendelea, wakamchagua Lisa Demuth kuwa spika. Wiki nzima na zaidi wanafanya kazi kama bunge.

Tarehe 24 Januari Mahakama ya Juu ya jimbo ikasema akidi ni 68. Waliyoyafanya yote yakafa.

#28 Mzee Mkongojo
Na mahakama hiyohiyo wiki moja kabla, tarehe 17, ilimrudi gavana. Walz alikuwa ameitisha uchaguzi mdogo wa 40B ufanyike 28 Januari, mahakama ikasema kaitisha mapema kabla ya wakati wake kisheria. Ukasogea hadi 11 Machi, David Gottfried wa DFL akashinda vizuri sana. Yaani mahakama ilimkata gavana wa DFL, halafu ikawakata Republican. Hilo mimi naliheshimu.

#29 Pweza Mkavu
Yaani huyo Simon ni wa chama gani?

#30 Ngalawa
DFL. Na ndiyo maana Republican hawakumwamini. Ila mahakama ilisema hesabu yake ilikuwa sahihi.

#31 Kichuguu
Mbona Seneti hatusikii vurugu?

#32 Theluji
Hili zuri sana Kichuguu. Seneti nayo ilikuwa sare! Seneta Kari Dziedzic wa Minneapolis alifariki kwa saratani mwishoni mwa Desemba 2024, ikawa 33 kwa 33. Wao walikaa wakakubaliana kugawana: marais wawili wa Seneti, Bobby Joe Champion wa DFL na Jeremy Miller wa Republican, hadi uchaguzi mdogo wa 28 Januari ulipompa kiti Doron Clark wa DFL. Jengo lilelile, mwezi uleule, baridi ileile. Ukumbi mmoja wanagawana, mwingine hawaonani.

#33 Mwalimu wa Hesabu
Kwa sababu Seneti walijua hesabu itarudi 34 baada ya wiki chache. Mwenye uhakika wa kesho anaweza kugawana leo. Baraza hakuna aliyekuwa na uhakika.

#34 Sokomoko
Mwalimu hapo umeua.

#35 Mkereketwa wa Kaskazini
Nimesoma kurasa zote. Mnazunguka, hamsemi sababu. Sare imetoka wapi? Imetoka kwa Harris na Walz kupoteza Minnesota! Mgombea mwenza ni gavana wako halafu unapoteza nyumbani, wabunge wako watapona vipi?

#36 Chaurembo
Hapana ndugu, Harris na Walz walishinda Minnesota. Pengo lilikuwa pointi 4 na kidogo.

#37 Mkereketwa wa Kaskazini
Nimesahihishwa, asante. Lakini Biden 2020 alishinda kwa pointi 7. Kwa hiyo upepo ulipungua, na viti vya pembeni vikaenda na upepo. Hoja yangu inasimama kwa mguu mmoja.

#38 Bi Mwanaisha
Mimi niko na sababu nyingine. Gaza. Machi 2024 kwenye mchujo wa Demokrati, karibu asilimia 19 ya waliopiga Minnesota walichagua "bila msimamo" badala ya Biden. Jirani zetu Wasomali wa Minneapolis walikuwa na hasira ya kweli, na walisema wazi. Watu wale Novemba walirudi wote? Siamini.

#39 Theluji
Dada Mwanaisha, hasira ilikuwepo, hata kiwandani tunafanya kazi nao na tuliisikia kila siku. Lakini angalia viti vitatu vilivyopotea viko wapi. Kimoja 7B, Iron Range, migodi ya chuma kaskazini. Cha pili 26A, Winona, kando ya mto Mississippi. Cha tatu 18A. Hakuna hata kimoja cha Minneapolis. Kwenye viti vya Minneapolis DFL hupita hata wakipungukiwa kura elfu.

#40 Bi Mwanaisha
Viti sawa. Lakini kukata tamaa hakukai mji mmoja. Shakopee yenyewe Wasomali wapo. Kura 14 zingekuwa 300 pengine. Sijakubali.

#41 Mzee Mkongojo
Theluji kataja viti, mimi nitaje watu. Winona alikuwepo Gene Pelowski, yumo bungeni tangu 1987, akastaafu. 7B alikuwepo Dave Lislegard, naye hakugombea tena. Mzee wa kiti akiondoka na kiti kinaondoka. Viwili kati ya vitatu vilipotea hivyo. Hakuna Gaza, hakuna Trump. Ni kukosa kuandaa mrithi. Hata huku tunaliona.

#42 Mkereketwa wa Kaskazini
Mzee, kwa nini basi Iron Range iliyokuwa DFL tangu babu zao sasa iwape Republican? Lislegard mwenyewe angegombea, je, angepona? Wachimbaji wale walikihama chama taratibu, ugomvi wa migodi mipya na mazingira. Mrithi hana kosa.

#43 MamaNyaboke
Na mipaka je? Ramani ya sasa ilichorwa na jopo la majaji mwaka 2022, kwa sababu wabunge walishindwa kukubaliana. Watu wa hapa wanasema ndiyo maana vyama vinakaribiana hivi: hakuna chama kilichojichorea.

#44 Ngalawa
Mama, hilo lina ukweli, lakini ramani ileile 2022 ilitoa 70 kwa 64. Na mwaka 1978, kwa ramani nyingine kabisa, Minnesota walipata 67 kwa 67 vilevile! Mwaka 1979 walimpa Rod Searle wa Republican uspika, DFL wakapewa kamati nzito, za kodi na matumizi. Halafu mbunge mmoja wa Republican akavuliwa kiti kwa kesi ya uongo kwenye kampeni, na uchaguzi mdogo ukawapa DFL. Sare ile ilivunjika ndani ya mwaka.

#45 Jabali la Voi
Basi labda ni idadi ya viti. Wafanye 135 wapumzike.

#46 Mwalimu wa Hesabu
😀 Jabali, kila seneta mmoja ana wawakilishi wawili. Idadi itakuwa shufwa daima. Ukitaka witiri inabidi ubomoe nyumba nzima.

#47 Chaurembo
Tumeongea mengi, na kuna jina sijaliona, nami sikulitaja mwanzoni kwa sababu nilishindwa kuanza nalo. Uchaguzi wa 34B wa juzi ulitokea kwa sababu gani?

#48 MamaNyaboke
Melissa Hortman. Mwakilishi wa 34B, spika kuanzia 2019 hadi Januari 2025. Eneo lake linapakana na letu, yeye mwenyewe aliishi hapa Brooklyn Park. Alfajiri ya 14 Juni waliuawa nyumbani kwao, yeye na mumewe Mark. Usiku huohuo Seneta John Hoffman na mkewe Yvette walipigwa risasi, wakapona. Simu zetu zililia zote kwa pamoja: kaeni ndani, msifungue mlango kwa askari msiyemjua, maana muuaji alijifanya polisi. Nilikuwa kazini. Wanangu walikuwa peke yao nyumbani. Sitaki kueleza zaidi ya hapo.

#49 Bi Mwanaisha
Pole Mama. Poleni sana watu wa huko.

#50 Ngalawa
Pole Mama yetu. Na ninachokikumbuka ni siku tano kabla, 9 Juni. Spika tayari ni Demuth, kwa makubaliano ya Februari yaliyorudisha DFL bungeni na kumwachia Tabke kiti chake. Bajeti haiwezi kupita bila 68. Republican walikuwa na sharti: watu wazima wasio na karatasi waondolewe kwenye bima ya afya ya jimbo, MinnesotaCare. Gavana na viongozi wakakubali ili serikali isifungwe. Muswada ulipita 68 kwa 65. Republican wote 67, na DFL mmoja tu. Hortman. Alikuwa ametoa neno lake kwenye makubaliano, akalilipa mwenyewe ili wenzake wasilazimike. Alizungumza na waandishi akilia.

#51 Theluji
Ile kura ya 68 ndiyo inayonisumbua mimi. Chaurembo anasema kura 14 ziliamua. Ziliamua nini kwa mwenzangu wa zamu ambaye bima yake ilipangwa kukoma mwisho wa 2025? Ana kisukari. Watoto wameachwa kwenye bima, yeye hapana. DFL wangekuwa na 68 asingeondolewa. Kwake yeye Shakopee haikumsaidia, Winona ndiyo ilimwangusha.

#52 Chaurembo
Theluji, nimekusoma mara tatu. Ninachoweza kusema: Republican wangekuwa na 68, sharti lingeanza na watoto pia. Kura 14 zilipunguza jeraha.

#53 Theluji
Huenda. Lakini Seneti na gavana wangekataa, wewe mwenyewe umesahihishwa hilo kwenye #4. Hatuwezi kujua. Ninachokijua ni sindano za insulini zinauzwa bei gani kwa asiye na bima.

#54 MamaNyaboke
Mwambie huyo mwenzako aende kwenye zahanati za jamii, zile zinazotoza kulingana na kipato. Nitakutumia anwani faraghani. Asikae nyumbani na sukari.

#55 Theluji
Asante sana Mama. Nitampeleka mimi mwenyewe.

#56 Sokomoko
Swali la mwisho kabla sijalala. Sare hii inaisha lini?

#57 Mzee Mkongojo
3 Novemba 2026. Viti vyote 201 vinagombewa siku moja, Baraza na Seneti, na gavana juu yake. Mimi bado nasema waandae warithi.

#58 Bi Mwanaisha
Na wasikilize watu wao.

#59 Mwalimu wa Hesabu
Theluji, uraia wako unatazamiwa lini?

#60 Theluji
Usaili Februari, Mungu akipenda. Kiapo pengine kabla ya kiangazi. Mama, nikiapa nina siku ngapi za kujiandikisha?

#61 MamaNyaboke
Minnesota unajiandikisha siku hiyohiyo kituoni. Beba leseni yenye anwani ya sasa. Kama anwani imebadilika, beba na bili ya umeme. Na kama huna kabisa, mpiga kura wa eneo lako aliyeandikishwa anaweza kuapa mbele ya msimamizi kwamba anakujua na unakaa hapo. Waambie wote wanaopata uraia pamoja nawe, wengi hawajui.

#62 Theluji
Nimenakili. Jengo letu liko ndani ya 14B na lina nyumba 60. Kwenye ghorofa yangu peke yake najua wanne wenye uraia ambao mwaka jana hawakwenda, walidhani muda wa kujiandikisha umekwisha. Kesho nina mapumziko, nitaanza kugonga milango ya chini.